Bi Mize Msafiri

Alikuwapo Tanga bibi mmoja, mfupi wa kimo na mrefu wa ulimi, jina lake Bi Mize. Alikata tiketi ya ndege kwenda Moroni kumwoza mjukuu wake, na bima ya safari akakata kwa Bwana Kilua. Likazuka gonjwa, viwanja vya ndege vikafungwa, pilau ya arusi ikaliwa bila yeye. Akaenda kudai nauli yake.

"Bima hulipa safari iliyofutwa," alisema Bwana Kilua, akitafuna korosho. "Yako imecheleweshwa tu, bibi yangu."

"Kwa hiyo mimi ni msafiri bado, baba?"

"Msafiri kabisa! Gonjwa likiisha utapaa."

"Watangazie na wateja wako, nisije nikaambiwa nimezeeka vibaya."

Bwana Kilua akasimama, akawatangazia wote kwamba Bi Mize yuko safarini, amecheleweshwa. Bi Mize akashukuru, akatoka. Alirudi na mkeka na mto, akatandika mbele ya meza ya Bwana Kilua.

"Nini tena, bibi?"

"Uliponiuzia bima ulijisifu kwamba msafiri akicheleweshwa mnamlisha na kumlaza mpaka aondoke. Leo nataka wali wa nazi na samaki wa kupaka. Na gonjwa lenyewe hakuna ajuaye litaisha lini."

Wateja wakaangua kicheko. Mmoja, aliyecheleweshwa naye, akainuka kwenda kwake kuchukua mkeka.

"Imefutwa!" Bwana Kilua alipiga kelele, akimsukumia Bi Mize nauli yake. "Safari yako imefutwa, bibi!"

Bi Mize akakunja mkeka.

"Ungesema mapema, nisingebeba mto."