Diski Pacha za Fundi Kabla

Kituo cha redio kilikuwa vyumba viwili tu, juu ya duka la viatu. Kimoja cha kutangazia, kuta zake zimebandikwa vipande vya godoro kuzuia mwangwi. Cha pili cha mitambo, chenye joto kama tanuri. Asubuhi hiyo kompyuta inayorusha matangazo ilikuwa imekufa. Mtangazaji alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, maana alasiri kilikuwepo kipindi cha ndugu waliopotezana, na bibi mmoja alikuwa amekuja kumtafuta kaka yake waliyeachana naye utotoni. Bibi alishasema wazi kwamba miguu yake haina safari nyingine.

Fundi aliyeitwa alikuwa mke wa kaka yake mtangazaji. Watu walimbandika jina la Kabla, kwa kuwa neno hilo halikumkauka mdomoni. Alifungua kompyuta, akatoa diski ya kumbukumbu iliyoungua, akafunga mbili mpya.

“Haya shemeji, weka mfumo wa kuendesha kompyuta tuwahi,” mtangazaji akahimiza.

“Kabla sijaweka mfumo…”

“Ameanza!”

“…naangalia kwanza diski zimepangwaje.”

Akaingia kwenye mipangilio ya mashine yenyewe, ile inayofunguka mfumo wowote ukiwa bado haujaamka. Akakuta kila diski imepangwa kujitegemea. Akaziunga ziwe pacha: kinachoandikwa kwenye moja, kiandikwe na kwenye ya pili.

“Hilo si ungefanya kesho?”

“Kesho mfumo utakuwa umeshazoea njia yake. Nikiibadili utagoma kuwaka, nifute kila kitu nianze upya. Sasa diski ni tupu, hazina ubishi.”

“Wewe shemeji utapuliza hata chai ambayo haijachemka!”

“Ndiyo maana kaka yako hajaungua ulimi.”

Alijibu bila kuinua macho. Vidole vyake vilitembea bila pupa wala kusita, na ilikuwa raha kumtazama. Pacha zilipokubali, ndipo akaweka mfumo. Kipindi kilianza mtangazaji akiwa bado anafunga vifungo vya shati.

“Kaka yangu ana kovu kwenye nyusi,” bibi akaiambia redio. “Nilimpiga jiwe tukigombania bembea. Kama yu hai, aje anirudishie.”

Wimbo mmoja. Wa pili. Wa tatu. Kisha simu ikaita, na sauti ya mzee ikaingia hewani: “Dada?”

Hapo hapo, kwenye chumba cha mitambo, diski moja ikagonga ka-ka-ka, ikakata roho. Upya wake haukuisaidia. Taa nyekundu ikawaka. Mtangazaji akaiona kupitia kioo cha kati ya vyumba, akanyanyuka kitini. Fundi akamwonyesha kiganja: endelea. Diski ya pili ilikuwa na kila kitu, ikaubeba mzigo peke yake, wala sauti haikukatika.

“Kovu lipo,” mzee akasema. “Nikija na jiwe utakimbia?”

“Kwa miguu ipi?” bibi akacheka huku akilia. “Nipo hapa redioni. Njoo!”

Mtangazaji alishindwa hata kuaga wasikilizaji. Alikwenda chumba cha mitambo, akamshika shemeji yake mkono kwa mikono yote miwili.

“Ungenisikiliza mimi,” akasema, “yule mzee angeishia kwenye neno ‘dada’.”

Kweli, udongo uwahi ungali maji.