Ufunguo wa Kombi ya Sekela

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mnisaidie kuamua, maana mimi limenishinda.

Huko Tukuyu, ambako mvua haijui likizo, aliishi mjane aitwaye Sekela. Wanawe watatu walikuwa watu wazima, kila mmoja na mji wake. Ambakisye alijaliwa masikio: injini ikiguna tu, anajua inaumwa wapi. Lugano alijaliwa mikono: chuma alichokichomelea hakiachii. Kitinda mimba, Tupokigwe, alijaliwa jicho: akitazama kitu kilichochakaa, huyo binti anaona kitakavyopendeza.

Marehemu baba yao aliacha kombi kuukuu yenye kitanda, jiko na paa la turubai linaloinuka. Miaka tisa kuku walitagia humo. Kisha ikaja habari kutoka Matema: dada yake Sekela hainuki tena kitandani, na kila siku anamwulizia mdogo wake. Lakini Sekela alikuwa na nyonga mbovu. Kwenye kiti cha basi hamalizi nusu saa. Labda asafiri amelala.

"Basi tuifufue kombi," watoto wakasema, wakakusanyika nyumbani.

Ambakisye akaishusha injini. Wiki ya tatu akatupa spana. "Mama, hii imekufa. Tuizike."

Sekela akamletea uji, akamnong'oneza, "Iwashe, mwanangu. Ikinifikisha kwa dada, ufunguo ni wako."

Lugano naye akakuta sakafu imeliwa na kutu, ukiweka mguu unakanyaga nyasi. "Mama, hapa nachomelea hewa!" Sekela akamletea viazi, akamnong'oneza maneno yaleyale.

Tupokigwe akashona turubai, likavuja, akafumua, akashona tena mpaka vidole vikatoka damu. "Naacha, Mama. Funikeni na nailoni." Akaletewa chai. Na mnong'ono ule ule.

Alikosea, Sekela. Kila Jumapili aliungama mbele za Mungu, akatoka kanisani mwepesi, kisha akawapita wanawe watatu kimya. Wa kuwaambia walikuwa wao.

Siku ya safari ikafika. Mlimani injini ikanyamaza. Ambakisye akatega sikio, akafungua kabureta, akaipuliza, ikaitika.

Mbele, mto ulikuwa umefurika barabarani. Mawe yakagonga chini, gubu, gubu. Sakafu ya Lugano haikupitisha hata tone.

Ng'ambo wakakuta lori limeziba njia, na mvua ikawapiga saa nne nzima. Kifua cha Sekela kikipata baridi ni hospitali moja kwa moja. Chini ya paa la Tupokigwe alilala mkavu, akakoroma.

Wakafika Matema jua lingalipo. Dada mtu akachungulia dirishani kutoka kitandani.

"Sekela! Umehama na nyumba?"

"Nimehama nayo, dada. Na hawa ndio waliojenga."

Wakashikana, wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Ndipo Ambakisye akanyoosha kiganja.

"Mama, ile ahadi yetu."

"Yenu?" Lugano akaruka. "Kaka, ufunguo aliniahidi mimi!"

"Loo! Kumbe chai yangu ilikuwa hongo!" akasema Tupokigwe.

Sekela akaona aibu, lakini safari hii hakunyamaza. "Niliwaambia wote, wanangu. Niliogopa mmoja akiacha, dada nitamkuta kaburini. Nisameheni."

Wakamsamehe papo hapo, tena kwa kicheko. Ila viganja sasa vilikuwa vitatu, na hakuna aliyerudisha chake.

"Bila injini, mngelala mlimani."

"Bila sakafu, Mama angekwenda na mto."

"Bila paa, mngemfikisha hospitali, si hapa."

Kombi ni moja, ufunguo ni mmoja, na kila mmoja kwake ni mbali na kwa mwenzake. Sekela akamtazama dada yake, dada akatazama dari, akijizuia kucheka.

Haya, wenzangu. Viganja vitatu viko wazi, na mama ameushika ufunguo. Ungekuwa wewe Sekela, ungeuweka kwenye kiganja cha nani?