Divai ya Kupewa Shikamoo

Huko Dodoma kwenye mizabibu, tajiri Masaka alikuwa akitaniana na wapenzi wenzake wa divai: ipi hasa inafaa kuzeeshwa?

"Ile ya kupewa shikamoo!" alitamba. "Mzee Mbeho, hiyo usiiguse. Zilizobaki ni vitoto, jinywee tu."

Mbeho, mlinzi wa stoo ya divai ya Masaka, hakuwahi kuonjeshwa hata tone. Akaitikia, "Sawa, bwana."

Masaka na wenzake waliporudi stoo baada ya miezi miwili, chupa zote zilikuwa tupu.

"Mwizi we!" alifoka Masaka. "Hata ile ya miaka arobaini? Utaozea jela!"

"Mimi nina sabini na moja," alisema Mbeho taratibu. "Nimekagua chupa moja moja, sikuona hata moja ya kuiamkia."

Wenzake Masaka wakaangua kicheko.

"Na wewe, mwanangu, umeingia unafoka tu, hujaniamkia."

Masaka akainama kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."