Hodi Kutoka Ndani

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale Hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, alioa. Mke mzuri, sauti nzuri. Yeye akimtazama, anafurahi. Wengine wakimtazama, anaugua.

Msimu wa mayai ukafika. Kwa mila yao, mke akaingia kwenye tundu la mti. Wakaziba mlango kwa udongo, mke kwa ndani, mume kwa nje. Pa! Pa! Pa! Wakaacha ufa wa kupitishia chakula. Nyoka asiingie, basi. Kinda akiota manyoya, ukuta hubomolewa.

Kinda akaota manyoya. Mama akaita, "Hodi!"

"Hodi hupigwa nje," mume akajibu.

"Basi nifungulie nitoke, nikaipige huko nje."

Mara Chiriku akapita akiimba. "Shemeji, hujambo humo ndani?"

"Sijambo, shemeji!"

Lo! Moyo wa Hondohondo ukawaka. Shemeji, shemeji, kila asubuhi shemeji! Mbona kwake anacheka? Mimi huniambia makuyu yameisha tu! Akapaka udongo, ufa ukapungua. Kesho yake Chiriku akaimba, udongo tena. Pa! Pa! Mpaka kuyu likawa halipiti.

"Mume wangu, mtoto ana njaa."

"Nyamazeni. Nawalinda."

Akaenda mtoni kuchota udongo mwingine. Aliporudi, ukutani pana tundu kubwa.

"Chiriku! Amekuja kuniibia!"

Hakuchungulia. Hakuuliza. Pa! Pa! Pa! Akaziba pote, hata ufa hakuacha. Watakula nini? Akaona heri wafe njaa kuliko kuchukuliwa. Wivu gani huo, jamani!

Akakaa mlangoni. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hali, hanywi, halali.

"Mke wangu, wanisikia?"

Kimya.

"Amenuna," akasema.

Siku ya nne Chiriku akapita na mkewe. "Shemeji, walinda nini? Mkeo tumemwona bondeni na mtoto, wanakula makuyu. Anasema alibomoa ukuta mwenyewe, kwa mdomo wake."

"Muongo wewe!"

Ko! Ko! Ko! Hondohondo akabomoa. Akachungulia. Unyoya mmoja, basi.

"Hodi!" akalia. "Mke wangu, hodi!"

Hapakuwa na wa kumwambia, "Karibu."

Basi wake kwa waume, nanyi wadogo mtakaooana kesho, sikieni: wivu si ulinzi. Ukimfungia mwenzako ili awe wako, utabaki na ukuta. Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Hondohondo.