Bastola Iliyolala

Hapo zamani, na sisemi ile zamani ya wanyama kuongea, nasema ya juzi, bati limeshafika na matundu ya misumari yameshaanza kuvuja, palikuwa na mwanamke aitwaye Nyamizi, mama wa watoto wawili, Holo na mdogo wake. Siku hiyo alikuwa uani akigeuza mbaazi juu ya mkeka. Mvua ilikuwa imenyamaza kidogo, na jua la masika haliiti mara mbili. Ukilikosa, mbaazi zinaota ukungu na watoto wanakula ugali kwa chumvi.

Alikuwa amepiga magoti, mkono unageuza mbaazi, mdomo unafukuza kuku, Maduhu alipoingia mbio.

Maduhu alikuwa kijana wa nyumba ya pili, mwana pekee wa Kabula, mjane. Yeye ndiye aliyemlimia mama yake. Alikuwa na utani mwingi, lakini siku hiyo aliingia bila utani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vuta pumzi kwanza."

"Baba yupo? Ng'ombe wa bondeni hawaonekani tangu asubuhi. Wanasema wezi wameshuka kutoka kilimani na wanakuja upande huu."

Nyamizi akaita. Mumewe, Kashindye, akatoka ndani na bastola yake imefungwa kwenye kitambaa. Nyuma yake akatoka Mihambo, mdogo wake Kashindye, aliyekuwa amerudi kutoka jeshini na bado alikuwa akitembea kama anayehesabiwa hatua.

Sasa ngojeni niwaambie habari za hiyo bastola, maana bila hizo mtanisumbua kwa maswali.

Kashindye alikuwa nayo kwa kibali tangu alipokuwa mlinzi wa kiwanda cha kuchambulia pamba. Risasi zake alizitunza kwenye kopo juu ya kabati. Bati likavuja, kopo likajaa maji. Kashindye akazitazama akasema, "Hizi zimekufa. Mama Holo, katupe chooni." Nyamizi hakutupa. Nyamizi hajawahi kutupa kitu ambacho jua linaweza kukirudisha. Alizifuta moja moja kwa kitambaa, akazianika pembeni ya mkeka, palepale penye mbaazi, halafu akamrudishia mumewe. Kashindye akacheka. "Umezianika kama dagaa," akasema. Kisha akazipanga kwenye magazini, kile kikasha cha risasi kinachochomekwa mpinini, kwa sababu nyingine hakuwa nazo.

Jambo la pili ni neno. Katika nyumba ile walikuwa na neno, *imelala*. Kashindye alikuwa akiweka risasi moja ndani ya mtutu siku zote, akafunga kufuli ya bastola, ile inayozuia triga isibonyezeke, basi. Hiyo kwake ndiyo bastola iliyolala. "Mbwa aliyelala bado ana meno," alikuwa akisema. "Mwizi hakungojei utafute meno." Lakini kambini kwao Mihambo, bastola iliyolala ni ile isiyo na risasi popote, si kwenye magazini, si ndani ya mtutu. Neno moja, nyumba moja, maana mbili. Na kwa kuwa ndugu wale walikua kwenye kitanda kimoja, hakuna aliyeona haja ya kumuuliza mwenzake ana maana gani.

Turudi uani.

Kashindye alifungua kitambaa, Mihambo akaiona bastola, akatabasamu kwa dharau.

"Kaka, na hii ndiyo unayongojea nayo wezi?"

"Ina nini?"

"Hizi za magazini zina maringo. Mchanga kidogo, inagoma. Kutu kidogo, inagoma. Ikigoma unabaki unaipigapiga kama redio mbovu, na mwizi anakutazama. Kama ni bastola, nipe ile ya kuzunguka, yenye silinda. Ukibonyeza ikakataa, unabonyeza tena, inakuletea nyingine yenyewe."

"Ya kuzunguka ina risasi sita, zikiisha unaanza kupachika moja moja kama mtu anayepanda karanga," Kashindye akasema. "Hii haijanigomea hata siku moja."

"Haijakugomea kwa sababu hujawahi kuipiga."

Hapo Maduhu akacheka, utani ukamrudia. "Baba, shemeji kakushika pabaya." Maduhu alimwita Mihambo shemeji kwa utani, akidai kwamba siku moja atamwoa dada yake Mihambo.

"Na risasi zenyewe zilinyeshewa," Mihambo akaendelea. "Kambini risasi ikinyeshewa tunaifukia. Risasi iliyonyeshewa ni mbegu iliyochemshwa. Unaipanda, unaimwagilia, unangoja mpaka unazeeka."

"Zilianikwa," Kashindye akasema.

"Na nani?"

"Na shemeji yako."

"Basi zitakuwa tayari kwa kupikwa."

Nyamizi hakuinua kichwa. "Bastola hii au ile," akasema, "hakuna inayoosha vyombo. Wezi wanakuja au hawaji? Kama wanakuja, nendeni mkafunge zizi."

Mihambo akanyoosha mkono. "Hebu nione triga yake, kama si ngumu kama ya zile za zamani. Imelala?"

"Imelala," Kashindye akasema, akampa.

Mihambo akachomoa magazini, akaitia mfukoni bila kuitazama. Akafungua kufuli. Akaielekeza kwenye ukuta wa jiko, ule wa udongo, ambako hapakuwa na mtu. Na Maduhu, aliyekuwa amesimama ukingoni mwa mkeka, alirudi nyuma hatua moja ili aone vizuri, kisigino kikakanyaga mbaazi.

"Wee Maduhu, unanikanyagia mbaazi," Nyamizi akasema. "Sogea huko."

Maduhu akasogea huko. Huko kulikuwa mbele ya ukuta wa jiko.

Mihambo alikuwa anaitazama triga, hakuwa anamtazama mtu. Akabonyeza.

Ile mbegu iliyochemshwa ikaota.

Sitawasimulia Maduhu alivyoanguka. Mnajua mtu anavyoanguka. Walimfunga kwa khanga, wakang'oa mlango wakaufanya machela, wakamlaza juu yake, lakini zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto na mto ulikuwa umejaa. Walifika ukingoni, wakasimama na mlango wao, wakamtazama mpaka hapakuwa na haja tena ya kuvuka. Wakarudi naye kwa mama yake.

Na jua lilipokuwa linashuka, ng'ombe wa bondeni wakarudi wenyewe, wote, matumbo yamejaa. Walikuwa wamevunja uzio wa shamba la mtu wakaenda kula mahindi machanga. Wezi hawakuwapo.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale, maana hapo ndipo penye fundo.

Kwao, mwenye damu ya mtu mkononi hanawi mikono pamoja na wenzake wakati wa chakula. Anarukwa. Mwenye kunawisha akifika kwake na beseni, anapita kama hapana mtu. Na anayerukwa anaondoka usiku huohuo, anakwenda kukaa nyumba ya marehemu. Anafanya kazi ya marehemu, analima shamba la marehemu, anakula peke yake nje, mpaka siku mwenye msiba mwenyewe atakapochukua maji na kumnawisha. Inaweza kuwa baada ya mavuno. Inaweza kuwa baada ya mavuno mengi. Na ni mmoja tu anayerukwa. Walisema damu ikigawanywa kwa wengi, kila mmoja anabaki na tone dogo, na tone dogo mtu hulisahau.

Kabula alikuja kabla giza halijaingia. Wanawake walikuwa wamejaa kwake, lakini aliwaacha, akaja peke yake. Alikaa kizingitini, hakuingia ndani wala hakukaa nje. Hakulia. Alikuwa ameshalia.

"Mama Holo," akasema, "umepika?"

"Nimesonga," Nyamizi akasema. Watoto walikuwa hawajala tangu asubuhi. Ugali na mbaazi, kwa sababu ndizo zilizokuwapo.

"Mto ukishuka kesho, polisi watakuja, watamchukua wanayemtaka. Hayo ni ya serikali, mimi sina neno nayo. Mimi nimefuata mtu wangu wa kulima. Kabla hamjanawa, niambieni anayeondoka nami."

Kashindye akazungumza kwanza, kwa sababu nyumba ilikuwa yake.

"Ni kweli neno lilikuwa langu," akasema. "Mimi ndiye niliyesema imelala, na risasi ya ndani ya mtutu niliiweka mimi. Lakini neno haliui. Niliilaza kama ninavyoilaza siku zote, na kufuli ilikuwa imefungwa. Mwanajeshi mzima, aliyefundishwa, anapokea bastola hata hachunguzi mtutu? Aliyefungua kufuli ni yeye. Kidole hakikuwa changu."

Mihambo akazungumza wa pili.

"Ni kweli kidole kilikuwa changu," akasema. "Nitakiona mpaka nife. Lakini niliuliza. Shahidi ni ninyi wote. Niliuliza imelala, nikajibiwa imelala. Nikaelekeza ukutani, si kwa mtu. Nikatoa magazini. Na zile risasi zilikuwa za kutupwa chooni, kaka mwenyewe alisema. Angetii aliyeambiwa, kidole changu kingebonyeza chuma kitupu. Risasi haikuwa yangu."

Wote wakamtazama Nyamizi. Alikuwa akipakua. Hakuacha kupakua.

"Ni kweli risasi nilizianika mimi," akasema. "Niliambiwa nitupe, sikutupa. Lakini kuanika si kupachika. Nilimpa mwenye bastola, naye ndiye aliyejua kama zinafaa au hazifai. Mimi sikuiweka yoyote ndani ya mtutu."

Akaweka upawa chini.

"Lakini kuna moja mmeiacha, wote wawili, sijui kwa kunihurumia au kwa kusahau. Maduhu alikuwa amesimama mahali pazuri. Nani alimwambia asogee?"

Akaitazama sufuria.

"Kwa ajili ya mbaazi," Nyamizi akasema.

Kabula alikuwa akisikiliza, kidevu juu ya goti. Alisema, "Sogea ni neno la kila siku, mama Holo. Hata mimi nilimwambia sogea asubuhi hii."

"Najua."

"Na mwanangu mwenyewe, nani anamjua kuliko mimi? Aliposikia bastola angekwenda popote ili aone. Habari ya wezi aliileta yeye, na haikuwa ya kweli. Nalo hilo nitaliweka wapi?"

Kashindye akainama. "Dada Kabula, chukua ng'ombe. Chukua unaowataka."

"Ng'ombe analima kwa kuongozwa na mtu," Kabula akasema. "Nataka mtu."

Kila mmoja alikuwa akifikiri yake, nayo hayakuwa magumu kukisia. Mihambo akirukwa, kesho polisi watamchukua kwa kidole chake, na mtu aliye gerezani halimi shamba la Kabula. Mjane atabaki na kiporo cha maneno. Kashindye akirukwa, zizi na shamba la nyumba ile vitabaki kwa mwanamke na watoto, na msimu ndio kwanza umeanza. Nyamizi akirukwa, mtoto wake wa mwisho, yule anayemfuata Holo, bado ananyonya. Na asiporukwa yeyote, basi damu ya Maduhu itakuwa imemwagika kama maji ya kuoshea vyombo.

Tena si kwamba kila mmoja alikuwa anakimbia. Msidhani hivyo. Mihambo alikuwa ameshajifunga shuka yake begani, kama aliye tayari. Kashindye alikuwa ameshamwonyesha Holo mahali anapoweka jembe kubwa. Lakini hakuna aliyesema "ni mimi", kwa sababu kila mmoja alipokuwa anataka kulisema, aliona jambo la mwenzake limesimama mbele ya lake.

"Mnawishaji ni nani humu?" Kabula akauliza.

"Ni mimi," Nyamizi akasema. Siku zote mama ndiye mnawishaji.

"Basi nawisha. Utakayemruka ndiye nitakayeondoka naye. Ukitaka kujiruka mwenyewe, weka jagi chini, nami nitajua."

"Na kama nitakosea?"

"Utakuwa umekosea kwa mkono wako, si kwa mdomo wa watu. Mimi nitamchukua utakayenipa."

Nyamizi akatenga ugali katikati ya mkeka. Akamimina mbaazi kwenye bakuli. Akatazama wanawe na watu wake mmoja mmoja, kama afanyavyo mama yeyote kabla hajafunika sufuria. Kashindye yupo. Mihambo yupo. Holo yupo, na mdogo wake yupo mapajani mwa Holo, amelala kwelikweli.

"Watu wako wote wapo?" Kabula akauliza kutoka kizingitini.

"Wote wapo," Nyamizi akasema, na neno hilo lilimchoma kuliko yote aliyoyasema siku ile.

Akachukua beseni kwa mkono wa kushoto, jagi kwa mkono wa kulia. Akaanza na Holo. Kisha akamnawisha yule aliyelala mapajani, vidole vidogo, bila kumwamsha. Akanyanyuka. Mbele yake ikabaki mikono miwili ya mumewe, na mikono miwili ya shemeji yake, yote imenyooshwa, viganja juu. Na ya tatu ni mikono yake mwenyewe, iliyoshika maji.

Mimi maji yangu naishia kumimina hapo. Ugali wao unapoa, na mwenye msiba amekaa mlangoni anangoja. Ninyi mliosikiliza, mkiwa mmeshiba na mkiwa wote mpo, nijibuni: mwenye neno, mwenye kidole, au mwenye kuanika na kusogeza? Je, mkono wa nani ulistahili kurukwa?