Maua Yaliyoitangulia Mvua

Mtu mmoja alikuwa na mizinga thelathini ya nyuki, naye aliitwa Anyosisye. Kijiji chake kilikuwa chini ya mlima, lakini asali yake ilitoka juu, kwenye uwanda ambao watu waliuita bustani, ambako kila mwaka maua ya mwituni yalifunika ardhi hata mtu akakosa pa kuweka mguu. Mvua ya kwanza ikishanyesha, aliipakia mizinga juu ya punda na kupanda nayo. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia. Hawakuwahi kuukuta uwanda mtupu.

Huko juu aliishi dada yake, Tusekile, mkulima wa viazi. Mwaka mmoja Tusekile aliona jambo lililomtisha. Miezi ya baridi ilipita bila sakitu. Hakuna asubuhi hata moja majani yalipoamka meupe kwa barafu. Jua likawa la moto kama la bondeni. Maua yalipohisi joto yakadhani majira yamefika, yakafunguka mwezi mzima kabla ya mvua. Tusekile alisimama katikati yake akasikiliza. Hakusikia mlio wa mdudu hata mmoja. Akatuma ujumbe kwa kaka yake apande upesi.

Anyosisye alitazama mbingu, hakuona wingu. Akasema dada yake ameona vijiua vichache vilivyopotea njia, na kwamba uwanda ule haujawahi kumdanganya mtu wa ukoo wao. Akaendelea kungoja.

Mvua ilinyesha kwa wakati wake, naye akapanda. Alipofika, kamba za mizigo zilimponyoka mikononi. Uwanda wote ulikuwa wa kahawia. Mabua yalisimama makavu, na petali za mwisho zilikuwa zimeoza kwenye tope. Nyuki wake walitoka, wakazunguka, wakarudi bila chembe ya chavua miguuni. Ndipo akaona udongo wenyewe unasogea. Nyuki wadogo wa mwituni, wale wanaolala ardhini mpaka mvua iilainishe, walikuwa wakitoka kwa mamia. Walipanda bua kavu mpaka juu, wakashuka, wakapanda jingine. Siku ya tatu walikuwa wamelala chini, na upepo ukawasukuma kama makapi.

Anyosisye aliketi kwenye tope. Akamwuliza dada yake kama walau mbegu zimebaki. Tusekile akachuma vifuko vya mbegu, akavipasua kimoja kimoja kiganjani mwake. Vyote vilikuwa vitupu, kwa kuwa hakuna aliyekuja kulichukulia ua chavua ya ua jingine.

"Kaka," akasema, "mizinga yako ungeweza kuipandisha mapema. Hawa wa udongoni, nani angewaamsha?"

Anyosisye akaipakia tena mizinga juu ya punda. Alishuka na nyuki wake wenye njaa, na kabla ya mwaka kwisha mizinga ishirini na miwili ilikuwa imenyamaza. Mwaka uliofuata alipanda mapema, kabla ya wingu la kwanza, akakuta maua yamechanua kwa mabaka tu, kama kichwa chenye ugonjwa. Joto lile likarudi mwaka wa tatu, na wa nne. Halikuzaliwa mlimani. Lilitokana na moshi wa misitu iliyochomwa na wa mitambo iliyowashwa mbali sana, mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kuuona uwanda ule wala kuutakia mabaya. Mwaka wa saba palikuwa na nyasi peke yake, na wajukuu wa Tusekile wakamwuliza kwa nini watu wazima wanapaita bustani.

Ninyi mnaonisikiliza, ua lilitii joto na nyuki alitii mvua, kila mmoja kama alivyoagizwa tangu kuumbwa kwake. Basi nani kati yetu atasema hajui aliyewatenganisha?