Bunduki Aliyoiponda Lukosi

Lukosi, tajiri wa mbao pale Mafinga, alijiita bingwa wa bunduki ingawa hata kanga hajawahi kumwangusha. Sasa aliitaka bunduki ya Kiingereza ya mitutu miwili ambayo fundi Kisinga aliachiwa na baba yake. Lukosi mwenyewe alikuwa na nyingine, pacha wa ile, aliyoiacha kwa fundi isafishwe tangu Pasaka na asirudi kuiulizia.

Alikuja na mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Kisinga akaweka bunduki mezani. Lukosi akachungulia mitutu, akabetua mdomo.

"Kutu tupu. Kitako kimelegea. Hizi ni kuni, fundi. Nakupa laki moja, tena kwa huruma."

"Kweli haizidi hapo, mzee?"

"Ingekuwa yangu, ningempa yeyote kwa laki hiyo, na asante juu."

"Mwenyekiti, umemsikia?"

"Nimemsikia."

Kisinga akatoa laki moja mfukoni, akaisukuma mbele ya Lukosi.

"Hii uliyoipima ndiyo yako, ile uliyoniletea Pasaka. Ya baba iko kabatini. Nasubiri hiyo asante."